Lundo la Tatu la Chumvi

Mwalimu aliiweka juu ya kaunta karatasi niliyomchapishia, akavua kofia, akaanza kuipapasa kwa kidole cha shahada. Kidole kilipita kwenye ngalawa, kikapita kwenye mikoko, kikafika upande wa kulia ambako hapakuwa na kitu. Hapo kikaganda.

"Hapa palikuwa na malundo matatu ya chumvi," akasema. "Naliona moja. Mawili umeyapeleka wapi, binti yangu?"

Nyuma yake walisimama watu wanne. Mmoja alikuwa na kitambulisho cha NIDA mkononi, mwingine anatikisa flashi kama anayetikisa kibiriti kujua kama kina njiti. Nilikuwa na haraka. Nikatoa jibu ambalo linanichoma mpaka leo.

"Mwalimu, pale palikuwa na uchafuchafu tu. Nimepasafisha."

Hakugomba. Alivaa kofia, akasema atapita siku ambayo foleni haijafika barabarani.

Ile karatasi akaniachia.

## Nyeupe pee

Kwa miaka tisa steshenari yangu ya Sinza imekula kwa kazi moja: kuifanya karatasi iwe nyeupe pee. Cheti cha kidato cha nne kimelala kwenye sanduku la bati miaka ishirini, kinakuja na rangi ya chai. Mwenyewe anataka kukipakia kwenye mfumo wa maombi ya kazi kabla ya saa sita usiku. "Dada, nitolee huo ukungu wa nyuma." Namtolea. Mkono wangu unaijua njia wenyewe: otomatiki, mshale wa kulia usogee kushoto, hifadhi, shilingi mia tano, anayefuata.

Ndivyo nilivyoipokea bahasha ya Mwalimu. Aliyeileta ni binti yake. Ndani kulikuwa na michoro 31 ya penseli na rangi ya maji, ambayo baba yake aliichora miaka ya themanini, alipokuwa akifundisha wiki nzima na Jumamosi akipanda basi kwenda Kunduchi. Familia ilitaka kila mtoto apate nakala. Wengine wako Mwanza, mmoja yuko Muscat. Niliskani yote kwa chini ya saa moja, nikachapa mmoja wa mfano, nikajipongeza.

Wanaoijua Kunduchi ya mabwawa ya chumvi wanaelewa nilikuwa nimepewa nini. Maji ya bahari yanaingizwa, yanalala kwenye majaruba, jua linayanywa siku baada ya siku mpaka chumvi inabaki chini, watu wanaikwangua na kuilundika. Saa nne asubuhi pale kila kitu kinashindana kwa weupe: chumvi, mbingu, maji, tanga la ngalawa. Mtu mwingine angechora mikoko akarudi zake nyumbani. Mwalimu alichora chumvi.

Na hakutumia rangi nyeupe. Kwenye rangi ya maji, weupe unaopita wote ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa. Lundo la chumvi la Mwalimu ni mahali ambapo brashi haikupita. Linaonekana kwa sababu ya anga linalolizunguka, nalo anga limepakwa rangi nyembamba mno, kama maji yaliyooshewa brashi. Ukiiondoa rangi hiyo, lundo linakwenda nayo. Inabaki karatasi.

Mimi niliiondoa kwa mbofyo mmoja.

## Kati ya 236 na 243

Usiku ule nilifunga duka, nikauweka mchoro halisi pembeni ya kioo cha kompyuta, nikalifungua faili langu.

Malundo yalikuwa matatu. Kwenye karatasi, yaani. La kwanza lina mstari wa penseli kulizunguka. La pili na la tatu hayana mstari wowote. Inabidi uinamishe kichwa kidogo, halafu ghafla yapo, na ukishayaona huwezi tena kutoyaona.

Faili la kawaida la JPEG lina ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi, kuanzia 0, nyeusi tii, hadi 255, nyeupe pee. Programu ya skana ikiachwa ijiamulie, inatafuta weupe wa karatasi na kuusukuma hadi 255 ili maandishi yasomeke. Kwa barua ya serikali ya mtaa huo ni wema mtupu. Nikaskani upya, otomatiki nimeizima, nikapima kwa kile kialama cha kudondoa rangi. Anga: 236. Chumvi: 243.

Tofauti ya ngazi saba.

Mashine ilikuwa imechora mpaka wake kwenye 231, na kila kilichokuwa juu ya hapo ikakipandisha kileleni. Anga 255, chumvi 255, pembezoni mwa karatasi 255. Lundo la kwanza lilisalimika kwa sababu ya penseli tu. Kazi ya Jumamosi nzima ya mtu aliyekaa juani na kopo la maji ilikuwa imejibana ndani ya hizo ngazi saba.

Nilijaribu kulifufua lile faili la mwanzo. Halifufuki. Kilichogonga 255 kimekufa. Ukikishusha unapata kijivu kimoja kilicholala sawasawa, kama ukuta uliopigwa chokaa jana.

Kisha nikakumbuka vyeti. Ipo ile mihuri ya kubonyezwa isiyo na wino, ambayo unaiona ukiielekeza karatasi kwenye mwanga. Ile nayo ni weupe juu ya weupe. Kwa miaka tisa nimewafutia watu mihuri mingapi, nikawatoza na mia tano juu yake?

Sikulala vizuri.

## Shati lililofuliwa na soksi

Nilichokipata bila otomatiki kilikuwa kibaya. Nasema kweli. Mchoro ulipooza, wa kijivujivu, kama shati jeupe lililofuliwa pamoja na soksi. Mdogo wangu anayenisaidia dukani aliutazama akauliza kama wino umekwisha.

Hapo nilisitasita kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Pengine nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Mteja analipia kinachong'aa. Jiji hili lenyewe limetuzoesha picha zinazoita kwa sauti: Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968 alitumia rangi za mafuta za kung'aa juu ya hadibodi, na hadi leo ukipita Oysterbay au Mwenge twiga anakurukia kabla hujavuka barabara. Naipenda michoro hiyo, na nimeipigia watu picha mara nyingi. Usumbufu wake ni mng'ao tu, taa inarudi kama umemulika kioo. Sijawahi kuutafuta mchoro wa Tingatinga ndani ya ubao wake.

Kilichoniamulia ni kuuweka tena mchoro halisi pembeni na kuukodolea macho. Nao ulikuwa umepooza. Nusu ya ule ubaya niliokuwa nailaumu skana ulikuwa wa Mwalimu mwenyewe, ameuweka kwa makusudi.

Basi nikabadilisha namna ya kuhifadhi. JPEG nikaiacha, nikatumia TIFF ya biti 16, ambayo badala ya ngazi 256 ina 65,536 kwa kila rangi. Kwa hesabu hiyo zile ngazi saba za Mwalimu zinapata nafasi ya karibu 1,800. Maana yake, nikilisogeza anga huku na huku halikatiki vipandevipande na kuacha michirizi kama ngazi za ghorofa. Gharama yake ni nafasi: karatasi moja ya A4 kwa nukta 600 kwa inchi inakula takribani megabaiti 200, na michoro 31 inapita gigabaiti sita. Nilinunua diski nyingine. Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi unaanza upya. Masika hii umenikatikia mara mbili, na mara ya pili nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Kisha mawimbi. Karatasi iliyolowa rangi ya maji hujikunjakunja ikikauka, na unyevu wa Aprili unazidisha. Skana yangu ni zile nyembamba za aina ya CIS, hodari kwa karatasi iliyolala chali. Kitu kikiinuka milimita chache juu ya kioo kinaingia ukungu na kupungua mwanga. Kila wimbi la karatasi likatoa kivuli ambacho Mwalimu hakukichora. Kwenye picha yenye rangi nzito usingekiona. Kwenye anga la 236 kilikaa kama wingu la mvua.

Nilifikiria kugandamiza kifuniko kwa kamusi. Nikaikumbuka miaka arobaini ya ile karatasi, nikaona haya.

Michoro tisa iliyolala vizuri niliiachia skana. Iliyobaki 22 nikaitafutia kamera.

## Ukuta wa kijani

Rafiki yangu anayepiga picha za harusi alinikopesha kamera, stendi, na kadi ya kijivu ya asilimia 18, yaani inayorudisha asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Alinipa na somo. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila unachokielekezea ni kijivu cha wastani. Ukikipa karatasi nyeupe, kinapunguza mwanga mpaka iwe ya kijivu. Ukikipa suti nyeusi ya bwana harusi, kinaongeza. Kwa hiyo kwa kitu cheupe unaongeza mwanga mwenyewe, hatua moja au moja na nusu (kila hatua huuzidisha mwanga mara mbili), huku ukiichungulia histogramu, ile grafu ya kamera inayoonyesha giza kushoto na weupe kulia, isigonge ukuta wa kulia. "Lesi ya gauni ikiungua," akaniambia, "hata umpige bibi harusi anacheka vipi, mama yake hakulipi."

Nikachungulia. Haikugonga. Na bado chumvi ilikuwa inapotea.

Ilinichukua siku mbili kugundua kwamba nilikuwa naitazama histogramu ya jumla. Karatasi ya zamani ina umanjano, kwa hiyo nyekundu yake iko juu kuliko bluu. Kwenye jumla mambo yanaonekana shwari, kumbe chaneli nyekundu imeshaungua peke yake, kimyakimya. Siku hizi nazitazama zote tatu, kila moja kivyake, na napiga kwa RAW, faili ghafi la kamera ambalo halijapikwa. Hapa kuna jambo lililonifurahisha kweli: faili la RAW la biti 14 lina ngazi 16,384, na kwa jinsi kihisio kinavyouhesabu mwanga, nusu nzima ya ngazi hizo ziko kwenye hatua ya juu kabisa, ile iliyo jirani na weupe. Yaani kule anakokaa Mwalimu ndiko kamera ina utajiri wake. Sisi ndio tunaoumwaga.

Mwanga wenyewe nilidhani hautanisumbua. Dar, tukose mwanga? Jua la saa sita linakaa utosini, halifai, linachoma kila kitu. Nikaweka meza kibarazani, kivulini. Picha ya kwanza ikatoka na chumvi ya kijani. Nikageuza kila kitufe kwenye kamera, ikabaki kijani. Nikawa naanza kumlaumu rafiki yangu na kamera yake, ndipo nikainua macho. Duka la mbele yangu limepakwa kijani kibichi kuanzia msingi hadi bati, rangi ya kampuni ya simu, na namba ya wakala kwa herufi ambazo Mwalimu angeziona hata akiwa Ubungo. Jua lilikuwa linagonga ukuta ule na kunimwagia kijani juu ya meza.

Ukuta huo nimeutazama miaka minne bila kujua kwamba unaingia dukani kwangu.

Niligeuza meza. Nikatundika shuka jeupe upande wa barabara, nikatandika kitambaa cheusi chini na kuizunguka karatasi, maana weupe mwingi mbele ya lensi hutawanya mwanga ndani yake na kuifunika picha nzima kwa ukungu. Fulana yangu ya njano nayo nikaivua, nikavaa nyeusi. Majirani wakaanza kunipa pole, wakidhani nimefiwa. Nikasubiri mawingu. Mawingu ya masika ni taa bora kuliko zote nilizowahi kutumia, na hayatumii luku. Kasoro yake ni kwamba yanatembea, kwa hiyo kadi ya kijivu ikawa inaingia pembeni ya kila picha, niweze baadaye kujua mwanga ulikuwa umebadilika kiasi gani.

## Gari la matangazo

Mwalimu alirudi Alhamisi asubuhi, kabla ya foleni. Shikamoo. Marahaba. Nilikuwa nimejawa na hamu ya kumwonyesha.

Juma zima nilikuwa nimefukua. Nilivuta tofauti za sehemu za mwanga mpaka zikasimama. Nilimulika tochi ya simu kutoka ubavuni, karibu ilale sambamba na karatasi, hadi kila mkwaruzo wa penseli ngumu ukatoa kivuli chake, nikaziunganisha picha hizo mbili. Malundo yote matatu yalikuwa wazi kama mchana. Nyuma yake palitokea hata la nne, na mtu ameinama ameshika koleo. Nilimkabidhi tableti kama mtu aliyeokota pete kisimani.

Akatazama muda mrefu.

"Huyu mtu," akasema, "nilimfuta mwenyewe. Alikuwa ananiharibia mchoro."

"Na malundo, Mwalimu?"

"Yamekaa kama vibanda vya chipsi."

Nilicheka, yeye hakucheka. Akavuta kiti cha wateja, akakaa. Akaniuliza kama nyumbani kwangu tunakuna nazi au tunanunua ya paketi. Nikamwambia tunakuna.

"Kasimile unaijua."

"Naijua."

"Na tui la pili unalijua. Ukiyaweka mabakuli mawili kwenye jiko lenye mwanga mdogo, unayajuaje?"

Nikafikiri. Nikamwambia siyajui kwa rangi hasa. Yote ni meupe. Nikilitikisa bakuli, kasimile inabaki kidogo ukingoni kabla ya kushuka.

"Hapo. Chumvi ni kasimile, mbingu ni tui la pili. Nilikuwa nanong'ona. Mara ya kwanza ukaniziba mdomo. Mara hii umenipandisha kwenye gari la matangazo."

Maneno hayo ndiyo yaliyonikalia kichwani wiki zote hizi, kuliko hata kosa la kwanza. La kwanza lilikuwa haraka na mazoea. La pili nililifanya kwa upendo, kwa siku saba, nikiamini namtendea haki. Na mzizi wake ulikuwa uleule: niliona uhafifu kama ugonjwa. Kwanza niliuzika, kisha nikautibu. Kuuacha uwe hafifu hakukunijia akilini hata kidogo.

Swali la kazi likabadilika pia. Nilikuwa najiuliza, "Kinaonekana?" Sasa ilibidi nijiulize kinaonekana kwa tabu kiasi gani, na kama tabu hiyo ni ileile ya kwenye karatasi. Hilo halipimwi kwa namba peke yake. Kioo cha kompyuta kinatoa mwanga, karatasi inaurudisha tu. Kioo kikiwa kwenye mwangaza wote, 243 yake inamulika kuliko karatasi yoyote mle dukani. Nikashusha mwangaza hadi ukurasa mtupu kwenye kioo ukalingana na karatasi tupu niliyoishika pembeni kwenye mwanga wa dirisha. Hapo tu ndipo nikaanza kurekebisha, mchoro halisi upo palepale, macho yanakwenda na kurudi. Chumvi ikabaki kwenye 243, anga 236, na juu yake nikaacha ngazi kumi na mbili tupu hadi 255. Mikono iliniwasha kuzijaza.

Miongozo ya FADGI, wanayoitumia watu wa taasisi za serikali ya Marekani, huipa kazi ya namna hii nyota, kuanzia 1 hadi 4. Mimi na shuka langu hatukuwa tunagombea nyota.

Umanjano nao ulituletea mjadala. Binti yake alitaka uondoke. Karatasi ya bei nafuu ina lignini, kiungo kinachotoka kwenye mti wenyewe, na miaka ikipita mwanga na hewa huigeuza rangi, kwa hiyo umanjano ule haukuwa wa mchoraji. Nikamuuliza mwenyewe: niurudishe mchoro ulivyokuwa mwaka ule?

"Karatasi ilikuwa nyeupe," akakubali. "Na mimi nilikuwa na nywele nyeusi."

Niliuacha.

## Zamu ya upasuaji

Binti yake alipita Jumatatu kuangalia kazi imefikia wapi. Nilikuwa namweleza juu ya lundo la tatu, kwa mbwembwe zote, akaniwekea mkono begani.

"Dada, baba ana mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Tunasubiri zamu ya upasuaji. Hayo malundo unayohangaika nayo, hayaoni hata kwenye mchoro wenyewe."

Mtoto wa jicho huitia lensi ya jicho ukungu na umanjano. Tofauti kubwa mtu anaendelea kuziona. Zinazomtoroka mapema ni zile ndogo, hafifu kwa hafifu, nyeupe kwa nyeupe. Nikakikumbuka kile kidole kwenye kaunta. Kumbe hakikuwa kinaonyesha. Kilikuwa kinahesabu: vidole viwili kutoka mkoko wa mwisho, kimoja chini ya upeo wa bahari. Aliyajua malundo yake kama mtu anayejua swichi ilipo ukutani gizani.

Kazi niliisimamisha kwa siku tatu.

Nilikuwa namfanyia nani? Mwenye mchoro haoni. Watoto wake watazitazama kwenye simu, juani, zimepita WhatsApp, ambayo huminya picha na kuanza kutupa tofauti ndogo kama hizi. Na karatasi? Printa yangu ya leza haiwezi kushika nukta ndogo kabisa za wino. Rangi nyembamba sana inapotea kabla ya kugusa karatasi. Niliijaribu na faili zuri, lundo la tatu likafa tena, safari hii mbele ya macho yangu. Tena karatasi ya kopi ya siku hizi imetiwa dawa ya kung'arisha inayoipa weupe wa kibluu. Ukiiweka karibu na karatasi ya Mwalimu ni kama taa ya hospitali karibu na kibatari.

Nikawaza kumtengenezea toleo lake peke yake, lenye nguvu, aone walau mara moja kabla ya upasuaji. Nilishafungua faili.

Halafu nikakumbuka kwamba alishaliona. Lile la gari la matangazo aliliona vizuri kabisa, lote, mpaka mtu mwenye koleo. Lilikuwa toleo pekee ambalo macho yake yaliweza kulisoma, na ndilo alilolikataa.

Nikalifunga faili. Nikampata mtu wa printa ya wino ya picha huko Kariakoo, karatasi nzito isiyong'aa, tukaharibu nne ndipo ya tano ikakubali. Mafaili ya familia nikayatuma kama dokumenti, si kama picha, pamoja na ujumbe kwa kila mmoja: shusha mwangaza wa simu, kaa kivulini. Yule wa Muscat akajibu kwamba anayaona mawili. Baada ya nusu saa akaandika tena: matatu.

## Mlangoni

Mwalimu alikuja Jumamosi. Nilimpa tableti nimeshaishusha mwangaza. Akaenda nayo mlangoni, akaupa mgongo ukuta wa kijani, akaishika mbali, akaisogeza karibu, akaipeleka mbali tena.

"Lile la tatu lipo?"

"Lipo, Mwalimu."

"Limelizidi anga kiasi gani?"

"Ngazi saba."

"Sijakuuliza namba."

Nikasogea nikasimama karibu yake. Nililitafuta kwanza, nami ilinibidi niinamishe kichwa.

"Kidogo sana," nikamwambia. "Mtu mwenye haraka halioni."

"Hapo sawa."

Akarudisha tableti, akatoa pochi, akahesabu elfu kumi na tano na mia tano. Mia tano kwa kila mchoro, bei iliyoandikwa ukutani. Nilipoirudisha mikono nyuma akaniuliza kama siku hizi natoa sadaka, na kama natoa, yeye hakujipanga kwenye mstari wa kupokea. Nikazipokea, nikamwandikia risiti. Akaisogeza karibu kabisa na jicho, akaikunja, akaitia kwenye kofia.

Foleni ilikuwa imeshafika barabarani.